Nina laki mbili na bibi yangu yuko Pangani: ninunue kamera ya mtumba?

Shikamoo mama,

Mimi ni binti wa miaka 23, nasoma uhasibu Dar es Salaam na naishi Mbagala kwa kaka yangu na wifi. Nakuandikia kwa sababu nyumbani tunabishana juu ya jambo moja na hatujapata mwafaka.

Nimepokea mchezo wetu wa chuoni, laki mbili. Nataka kununua kamera ndogo ya dijitali ya mtumba, zile za kutia kwenye pochi ambazo watu walikuwa nazo kabla simu hazijaanza kupiga picha za maana. Kaka anasema naiga wenzangu, kwa sababu chuoni kwetu sasa hivi ni fasheni, wanapiga picha zenye ile rangi ya zamani na kuzirusha mitandaoni. Ni kweli kwao ndiko nilikoziona. Ila mimi nina shida yangu.

Babu yetu alifariki mwaka juzi. Picha zake zote za miaka ya mwisho nilikuwa nazo kwenye simu, na simu hiyo ilikwapuliwa na watu wa bodaboda pale Rangi Tatu. Sikuwa nimezihifadhi kokote. Leo hii familia nzima tuna picha moja tu ya babu, ya kitambulisho, tena ni kivuli. Bibi bado yupo, Pangani, upande wa Bweni, ana miaka zaidi ya 80, na hataki kabisa kupigwa picha kwa simu. Binamu yangu alimpiga akiwa anapepeta mchele uani, akaiweka status, na kufika jioni watu wa Tanga na Muheza wanampigia simu kumsifia. Bibi alikasirika sana. Alisema picha yake imeonwa na watu wasiomhusu kabla yeye mwenyewe hajaiona. Nilipomwomba mimi, akanijibu kwamba nikija na kamera, nikampiga kwa heshima kama walivyokuwa wakifanya wapiga picha wa zamani, kisha nikamletea picha yake mkononi, atakaa. Nakwenda Desemba, chuo kikifungwa.

Kariakoo nimepata muuzaji mwenye kamera mbili, anasema ni mzigo wa Uingereza. Ya kwanza ni Sony Cyber-shot DSC-W120, ya pinki, nyembamba, inang'aa kama imetoka dukani leo. Anataka 170,000. Betri yake ipo, chaja hana, ila anasema chaja zipo kibao mjini. Ya pili ni Canon PowerShot A590 IS, 90,000, ni nene, ya kijivu, ina mikwaruzo na mlango wa betri unacheza kidogo. Inatumia betri mbili za kawaida. Ile ya pinki aliniwashia, nikapiga picha moja, nikaipenda. Ya kijivu hakuweza kuiwasha kwa sababu hakuwa na betri. Anataka nimtumie elfu 30 kwa simu aniwekee moja, maana kuna wateja wengine.

Kaka anasema simu yangu ina megapikseli 50, sasa nakwenda kununua kitu cha megapikseli 7 au 8 cha nini? Sina cha kumjibu. Naomba unisaidie mama. Ninunue? Na kama ninunue, ni ipi, na nitajuaje kwamba siuziwi mbuzi kwenye gunia?

Mjukuu wa Bweni

*

Marahaba mwanangu. Pole kwa babu, na pole kwa zile picha.

Nunua. Iache ile ya pinki, na ile ya kijivu usiilipie hata shilingi mpaka umeiwasha na kuijaribu kwa mikono yako mwenyewe. Hiyo elfu 30 usitume. Kamera za namna hii hazijaisha Kariakoo, na muuzaji akishashika fedha yako hana tena haraka ya kukuonyesha ubovu wa mali yake.

Lakini kuna jambo nataka ulielewe kabla hujatoka nyumbani. Kilichokupotezea picha za babu ni kuwa zilikaa mahali pamoja tu. Kamera nayo ni mahali pamoja tu. Kadi ya memori ni kitu kidogo sana, inapotea, inakatika, inaibwa pamoja na pochi. Ukinunua kamera kwa laki mbili yote halafu picha za bibi zikabaki ndani yake, umeirudia hasara ileile kwa chombo kingine. Kwa hiyo katika laki mbili yako, elfu 60 usiiguse. Hiyo ni ya betri, kadi na kusafisha picha. Kamera inayokuachia elfu 60 ni ya kijivu. Ya pinki inakuachia elfu 30, na bado hujanunua chaja.

Sasa tuzungumze na kaka yako, kwa sababu swali lake ni zuri na anastahili jibu la maana.

Megapikseli ni idadi ya nukta zinazojenga picha, basi. Picha ya inchi 6 kwa 4, ile ya kawaida ya albamu, ikisafishwa kwa ubora kamili inahitaji nukta 1800 kwa 1200, yaani megapikseli 2 na kidogo. Kamera ya megapikseli 8 inatoa nukta 3264 kwa 2448, ambayo inatosha hata ukitaka picha ya ukubwa wa karatasi ya A4 uitie fremu ukutani. Na simu nyingi zinazoandikwa megapikseli 50 huunganisha nukta nne kuwa moja, zikakupa picha ya megapikseli 12 na nusu. Tofauti halisi iko kwingine.

Simu yako ikipiga picha haipigi moja. Inapiga kadhaa kwa mpigo, inazichanganya, inang'arisha pasipo na mwanga, inapunguza penye mwanga mwingi, na mara nyingi inalainisha ngozi hata kama hukuiomba. Gizani na kwenye video, simu ya leo inaishinda kamera ya mwaka 2008 waziwazi, na hapo kaka yako ana haki. Kamera hizi ndogo zina kihisi cha mwanga kisichofika hata milimita 6 kwa upana, na taa zikiwa hafifu picha inajaa chengachenga. Video ya kamera zote mbili ulizoonyeshwa ni ndogo na sauti yake ni duni. Kwa hiyo sauti ya bibi, hadithi zake, namna anavyowaita wajukuu, hivyo rekodi kwa simu ukiwa umemwomba ruhusa. Usiitegemee kamera kwa hilo.

Kamera inashinda kwenye mambo matatu, na yote matatu yanamhusu bibi yako. Flashi yake ni flashi ya kweli, inamwaga mwanga mkali kwa nukta ya sekunde, si kile kitochi cha simu. Lenzi yake inavuta kwa vioo: hiyo Canon inavuta mara nne bila kupunguza ubora, wakati simu nyingi za bei ya kawaida zinapovuta zinakata tu kipande cha picha na kukikuza. Na mikunjo ya uso inaiacha kama ilivyo. Mtu wa miaka 80 ana haki ya kuonekana ana miaka 80.

La nne halihusu ufundi. Bibi amekuwekea sharti na sharti lake lina akili. Kamera hizi hazina status. Picha haiondoki humo mpaka mtu aitoe kwa mkono. Bibi amelijua hilo bila kufundishwa na mtu, na mimi nakwambia hiyo peke yake ni sababu ya kutosha. Mwambie kaka hivyo.

Turudi Kariakoo. Kamera zote mbili ni za mwaka 2008, na huo umri una maana yake. Mwaka 2010 viwanda vya Japani vilisafirisha zaidi ya kamera za dijitali milioni 120 duniani. Kufikia 2020 hazikufika hata milioni 10, kwa sababu simu zilikuwa zimekula soko. Ndiyo maana droo za watu Ulaya zimejaa hizi kamera na zinafika kwetu kwenye makontena pamoja na pasi na redio. Maana yake pia ni kwamba vipuri vya kiwandani vimeshakwisha. Fundi mzuri wa simu anaweza kukuchomelea waya, lakini lenzi ikikwama hana ya kukuwekea isipokuwa aitoe kwenye kamera nyingine mbovu. Lipa fedha ambayo hata kamera ikifa mwakani hutalala njaa.

Ile ya pinki ni kamera nzuri, sitaki uelewe vinginevyo. Shida ni namna inavyolishwa. Inatumia betri yake maalumu ya Sony, aina ya NP-BG1, na betri hiyo inachajiwa nje, kwenye chaja yake. Betri ya lithiamu ya umri huo mara nyingi imeshachoka. Itawaka dukani, itapiga picha chache, itazima ukiwa kwenye kivuko. Chaja ukiipata itakuwa ya kuiga, na betri ya kuiga huijui ubora wake mpaka uitumie. Halafu kadi: kamera hiyo haipokei kadi ya SD, inataka Memory Stick Duo, kadi ya Sony wenyewe. Sony ilianza kukubali SD kwenye kamera zake mwaka 2010 tu. Kuna adapta inayobeba kadi ndogo ya simu ndani ya umbo la Memory Stick na mara nyingi inafanya kazi, lakini hicho ni kitu kingine cha kukitafuta na kukilipia. Bei ya 170,000 unailipia rangi. Ukikutana siku nyingine na kamera ya Olympus au Fujifilm ya zamani inayotumia kadi ya xD, jibu langu ni hilohilo.

Ya kijivu inakula betri mbili za AA, zilezile za saa ya ukutani, na kadi ya SD ambayo ipo kila kona. Bweni hakuna duka la kamera, ila betri za AA zipo. Usinunue tu zile nyepesi za bei chee za redio, maana kamera inavuta umeme mwingi kwa mara moja na zitakufa baada ya picha chache ukadhani kamera ni mbovu. Nunua nne za kuchaji, zilizoandikwa NiMH, pamoja na chaja yake. Mbili ndani, mbili akiba. Kadi chukua ya GB 4 au 8. Usizidi 32, kwa sababu kamera hiyo inasoma SD na SDHC tu, na kadi ya 64 haiitambui. Kadi ndogo ya simu iliyo ndani ya adapta yake ya SD pia inafaa. GB 4 zinabeba takriban picha elfu moja za kamera hiyo, kwa hiyo huna haja ya zaidi.

Siku ya kwenda, nenda asubuhi kabla watu hawajajaa, ukiwa na betri zako zilizochajiwa, kadi yako, na kisoma kadi kidogo cha kuchomeka kwenye simu. Fungua mlango wa betri kwanza, usikimbilie kuwasha. Angalia springi zilizomo. Ukiona unga mweupe au kijani, betri iliwahi kuvujia humo. Ukiwa kidogo, pamba iliyoloweshwa siki kwa mbali inausafisha. Ukiwa umekula chuma, achana nayo. Huo mlango unaocheza ndio unaonitia wasiwasi kuliko mikwaruzo yote, kwa sababu kwenye kamera hizo mlango ndio unaozikandamiza betri ziguse springi, na kishikizo chake ni cha plastiki. Tia betri zako, funga, washa, kisha itikise taratibu mkononi na uibonyeze pale penye mlango. Ikizima, mrudishie.

Ikiwaka, sikiliza. Lenzi inatakiwa itoke kwa mlio mmoja laini na isimame. Ikitoa mkwaruzo, ikisita, au ikitoka ikarudi na kuandika kwamba lenzi ina hitilafu, kuna mchanga au meno yaliyovunjika ndani, na huo ndio ugonjwa unaoua kamera hizi kuliko mwingine wowote. Vuta hadi mwisho na urudishe, mara kadhaa. Kisha washa tochi ya simu na uimulike lenzi kwa pembeni, wewe ukichungulia kutoka upande wa pili. Vumbi kidogo si neno. Ukiona nyuzi nyembamba nyeupe zinazotambaa kwenye kioo, hiyo ni kuvu, na kuvu ya ndani ya lenzi haisafishiki kwa gharama yenye maana.

Piga picha nne. Ya kwanza, ukuta mweupe au anga, uone kama kuna madoa. Ya pili, bango la duka la ng'ambo ya barabara, lenye maandishi hadi kwenye pembe. Ya tatu, kitu kilicho karibu ukiwasha flashi. Ya nne, ziba lenzi kwa kiganja na uzime flashi, upate giza tupu. Zungusha pia lile gurudumu la juu kwenye alama zake zote, maana mengine yamelegea na kamera inabadilisha hali yenyewe. Kisha toa kadi uzitazame kwenye simu yako, ukizikuza. Kwenye kioo kidogo cha kamera kila kitu kinapendeza, hivyo usikubali kuamua kwa kioo hicho. Ile picha moja uliyopiga kwa kamera ya pinki ukaipenda, uliiona kwenye kioo hicho. Bango likiwa kali upande mmoja na lenye ukungu upande wa pili, lenzi imepigwa. Giza likiwa na nukta mbili tatu nyeupe, vumilia. Likiwa na mistari, hapana.

Muuzaji akikwambia hana muda wa hayo yote, mshukuru na uondoke. Asiyetaka mali yake ijaribiwe anajua kwa nini.

Kwa kuwa wewe ni mtu wa Pwani, nikuongezee hili hata kama halihusu kamera hizo mbili. Ukionyeshwa kamera ya miaka ya 2002 hadi 2004, ya kampuni yoyote, ipite. Oktoba 2005 Sony ilitangaza kwamba baadhi ya vihisi vyake vya miaka hiyo vinaharibika kwenye joto na unyevu, picha inageuka zambarau, inajikunja au inakuwa nyeusi kabisa. Vihisi hivyo vilikuwa ndani ya kamera za Canon, Nikon, Fujifilm, Olympus na wengine. Joto na unyevu ndiyo hali ya hewa yetu kuanzia Mtwara hadi Mombasa, na kampuni zilizokuwa zikizitengeneza bure zilishafunga huduma hiyo zamani.

Omba risiti yenye jina la kamera na namba iliyochapwa chini yake. Kununua mali ya wizi kunaweza kukutia matatani hata kama hukujua ilikotoka, na risiti ndiyo kinga yako. Mkubaliane siku mbili tatu za kuirudisha, aandike. Na punguziwa: mlango unaocheza ni sababu ya haki ya kushuka kutoka 90,000. Ukikuta ndani mna picha za mwenyewe wa zamani, zifute bila kuzionyesha mtu.

Sasa bibi. Hapa nataka usome polepole, maana nilifanya kazi studio enzi za mkanda na ninajua namna picha za wazee wetu zinavyoharibika.

Usimkalishe mbele ya ukuta wa chokaa juani. Kamera inajaribu kuifanya picha nzima iwe na mwanga wa wastani. Ikiona weupe mwingi inaipunguza, na uso mweusi wa bibi unazama, macho hayaonekani. Picha ngapi za wazee wa Pwani ziko hivyo, ukuta unang'aa na mtu ni kivuli! Mtoe barazani au mlangoni, yeye akiwa kivulini na akiutazama uwazi, ili mwanga wa nje umpige usoni kwa upole. Kama saa tatu asubuhi, au baada ya alasiri. Kama ukuta ulioko nyuma hauepukiki, tafuta alama ya kujumlisha na kutoa kwenye kamera na uongeze theluthi mbili, au moja kamili. Piga zote mbili ulinganishe. ISO, yaani wepesi wa kamera kushika mwanga, iweke 80 au 100 ukiwa na mwanga wa kutosha. Flashi iwashe kwa makusudi akiwa chini ya mwembe, itamwondolea vivuli vya macho.

Usimsogelee. Simama hatua nne au tano nyuma, uvute lenzi hadi katikati ya safari yake, halafu piga. Ukisogea karibu bila kuvuta, pua inakua na masikio yanakimbilia nyuma. Ndiyo maana watu wengi hawajipendi kwenye picha za simu, na mzee atadhani amechakaa kumbe ni umbali. Bonyeza kitufe nusu kwanza, subiri kamera ikubali, ndipo umalizie. Kamera za umri huo zina uzito wa kuamka.

Na acha nafasi juu ya kichwa kuliko unavyodhani inahitajika. Umbo la picha ya kamera hizi ni nne kwa tatu, wakati karatasi ya inchi 6 kwa 4 ni tatu kwa mbili. Mashine ya studio ikijaza karatasi inakata moja ya tisa ya picha, na kama bibi yuko katikati ya picha ya kulala, inakata juu na chini. Kilemba kinakwenda. Unaweza kuwaambia studio wasikate, waache ukingo mweupe pembeni. Wengi wanafanya ukiwaomba.

Muulize avae nini, akae na nani, na picha zipi hataki. Akisema moja ifutwe, mfutie akiona. Ukishampiga, mwombe pia akuruhusu uzipige kwa kamera zile picha za zamani alizonazo sandukuni, kama zipo. Nenda nazo nje kivulini, uzilaze chini, uzipige kwa juu bila flashi. Nani ajuaye, huenda babu yumo kwenye harusi ya mtu.

Kuhusu mchanga: usiiwashe kamera ufukweni penye upepo wala kwenye kivuko. Lenzi ikitoka inabeba mchanga na kurudi nao ndani. Ihifadhi kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, na utoe betri kama hutaitumia kwa muda.

Ukitoka Bweni, zisafishe Tanga au Dar, nakala mbili za kila moja: moja ya bibi, moja ya kaka. Bibi aipate ya kwake kabla hujamwonyesha mtu mwingine, hata kama ni kwa kuituma na kondakta wa basi kwenye bahasha. Nyuma ya kila picha andika kwa penseli laini jina, mahali na mwaka. Kalamu ya wino inapenya. Usiiamini tarehe ya kamera, kwenye hizi za zamani kibetri cha saa huwa kimekufa na inarudi mwanzo kila ukibadilisha betri. Kisha faili zenyewe ziweke kwenye hifadhi ya mtandaoni inayofunguka kwako tu, na kwenye flashi diski moja itakayokaa kwa kaka. Ukimtumia mtu kwa WhatsApp, kwa idhini ya bibi, tuma kama dokumenti, maana ukituma kama picha inapunguzwa. Zanzibar, Mji Mkongwe, kuna studio iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na picha zake za miongo iliyopita bado watu wanakwenda kuzitazama. Zilikuwa kwenye negativu na karatasi, hazikuwa kwenye mfuko wa mtu.

Kama kamera ya kijivu itashindwa majaribio na usipate nyingine yenye betri za AA na kadi ya SD kabla ya Desemba, usiahirishe safari. Umesema wenzako chuoni wanazo. Mwombe mmoja akuazime ya kwake kwa hizo siku za likizo, umweleze ni ya nini. Nenda na kadi yako mwenyewe, ondoka na chaja yake, na umrudishie ikiwa imefutwa vizuri. Laki mbili yako itakuwa bado ipo, na ya kusafisha picha utaitoa humo.